Sindano Ardhini: Siku Saba kutoka Raskazone hadi Lushoto

Jumatatu. Tanga mjini

Nimeamka kabla ya adhana ya alfajiri na kazi ya kwanza ikawa chupa ya glisirini. Niliinunua jana kwenye duka la dawa kule Ngamiani, muuzaji akaniuliza kama ni ya kumpaka mtoto. Nikamwambia ni ya kuhakiki sindano yangu ya kupimia jinsi udongo unavyopitisha joto. Glisirini inanifaa kwa sababu ni nzito, haizungukizunguki ikipata moto kama maji, na uwezo wake wa kupitisha joto unajulikana: wati 0.29 kwa mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Nikichomeka sindano yangu humo ikasoma 0.29, natoka nayo kwenda kazini. Ikisoma 0.4, nakaa mezani mpaka nijue kilichoharibika. Leo imesoma 0.29 mara mbili, na mara ya tatu 0.30. Nimeridhika.

Sindano yenyewe ni bomba jembamba la chuma lisiloshika kutu, urefu wake sentimita 10, unene wake hauzidi sana sindano ya kushonea magunia. Ndani mna waya unaopata moto na kipimajoto kidogo sana. Umeme unatoka kwenye betri ya pikipiki. Unaichomeka kwenye udongo, unaiacha robo saa itulie, ndipo unawasha na kuandika joto kila baada ya sekunde chache kwa dakika 10. Joto likipanda upesi, udongo umelizuia hapo hapo. Likipanda kwa shida, udongo unalipokea na kulisukuma mbele. Hesabu inayogeuza kupanda huko kuwa wati imetokana na kazi ya Lord Kelvin, yule mwanafizikia wa Uingereza wa karne ya 19, ambaye pia mwaka 1852 aliandika kwamba mashine inaweza kuchota joto mahali penye baridi na kulipeleka ndani ya nyumba. Ndiyo pampu ya joto tunayoizungumza leo. Friji la nyumbani linafanya kazi hiyo hiyo: linatoa joto kwenye maziwa na kulimwaga mgongoni mwake.

Nina wateja wawili safari hii. Mmoja ana nyumba ya wageni Raskazone, anataka vyumba vyake vipoe. Wa pili ni bweni la wasichana Lushoto, wanataka vyumba vipate joto. Wote wawili wamesikia kwamba Sweden na Uswisi watu wanafukia mabomba ya plastiki ardhini na kuishi vizuri kwa umeme kidogo, na wote wameniuliza swali moja: je, ardhi yetu inafaa? Jibu la swali hilo halimo kitabuni. Ndiyo maana nimebeba koleo.

Saa tatu asubuhi mimi na mdogo wangu wa kazi (amemaliza chuo mwaka jana, ana mikono mizuri na haogopi tope) tulikuwa uani kwa mama mwenye nyumba. Bahari inaonekana kati ya minazi. Tulichimba shimo upana wa mlango. Mchanga wa juu, sentimita 20 za mwanzo, ni mkavu, unateleza vidoleni. Nikapima: kati ya dakika ya kwanza na ya 10 joto lilipanda nyuzi 3.4. Sindano yangu inatoa wati 6 kwa kila mita ya urefu wake, kwa hiyo uwezo wa mchanga huo kupitisha joto ni wati 0.32. Ni kidogo mno. Mchanga huo ni blanketi.

Tukaendelea kuchimba. Kwenye mita 1 na robo mchanga ulianza kushikana. Kwenye mita 1.7 kuta za shimo zikaanza kutoa jasho, na chini maji yakajikusanya. Nikapima ukutani, juu kidogo ya maji: joto lilipanda nyuzi 0.6 tu. Wati 1.8.

Mchanga ni ule ule. Punje zile zile, vipande vile vile vya matumbawe na magamba ya kombe. Kilichobadilika ni kile kilichokaa katikati ya punje. Juu kuna hewa, ambayo inapitisha joto kwa wati 0.025 hivi. Chini kuna maji, wati 0.6, mara 24 ya hewa. Punje mbili za mchanga zinagusana kwa kijisehemu kidogo kama ncha ya kalamu. Tone la maji likikaa hapo linajenga daraja, na joto linavuka. Nimeisoma habari hii miaka mingi, lakini nikiiona ndani ya shimo moja, kwa tofauti ya mita moja na nusu, bado inanisisimua.

Mama mwenye nyumba alituletea chai na mihogo ya nazi, akainama ukingoni mwa shimo.

"Sasa mwanangu, hiyo baridi iko wapi?"

Nilishusha kipimajoto mpaka chini na kumsomea: nyuzi 26.5. Alinyamaza. Nikamweleza kama ninavyomweleza shangazi yangu. Ukishuka chini, ardhi inasahau usiku na mchana, kisha inasahau na misimu, inabaki na wastani wa mwaka mzima wa mahali pake. Wastani wa Tanga ni nyuzi 26 na kidogo. Hapa chini hapana baridi ya kuchota, pana mahali pa kumwagia joto tu. Mchana wa Februari, nje ikiwa nyuzi 32 au 33, kumwaga joto la chumba kwenye ardhi ya 26 ni nafuu kuliko kulimwaga hewani. Usiku, hewa ikishuka, faida inaisha.

Na kuna jambo linalonitia hofu zaidi. Uswisi wanachota joto msimu wa baridi, na kiangazi jua linalirudisha. Kila mwaka ardhi inalipwa deni lake. Hapa Tanga hatuna msimu wa kuchota, tutakuwa tunamwaga tu, mwaka hadi mwaka. Udongo unaozunguka mabomba utapanda joto, na udongo unaopata moto unafukuza unyevu wake. Ile 1.8 itateremka kuelekea 0.32, na mama atakuwa amefukia fedha zake.

"Nipake paa chokaa basi?" akauliza.

Nilimwambia ndiyo. Paa jeupe, veranda pana upande wa magharibi, madirisha yanayopokea upepo wa kusi, na mwembe mmoja mahali pazuri. Alisikitika, nami nilisikitika naye, kwa sababu alikuwa ameshauza kiwanja kidogo kwa ajili ya mradi huu. Afadhali asikitike leo.

Jumanne. Amboni

Siku fupi. Tulipanda bajaji hadi mapango ya Amboni, karibu kilomita 8 kaskazini ya mji. Sindano haiingii kwenye chokaa. Jiwe gumu hupimwa kwa njia nyingine, na kwa mawe ya jamii hii namba za kawaida ni wati 2.5 hivi. Nilichofuata ni hewa ya pangoni.

Tulifika saa moja na nusu asubuhi, nje nyuzi 22, upepo wa kipupwe unapita kwenye khanga. Ndani, baada ya kona ya pili, kipimajoto kikasimama kwenye 26. Mdogo wangu akasema pangoni kuna joto. Mwongoza wageni akacheka, akasema njoo Februari, watu wanaingia humu kupunga upepo na wanasema kuna baridi. Pango halijabadilika. Waliobadilika ni wanaoingia. Namba ya pangoni na namba ya chini ya shimo la Raskazone zimekaribiana, kama nilivyotarajia.

Kila tuliyekutana naye njiani, akiona vyombo, aliuliza kama tunatafuta maji moto. Swali lina msingi, maana chemchemi za maji moto yenye salfa ziko karibu hapa Amboni, na watu huzijia kuoga kwa ajili ya ngozi. Ilinibidi nirudie maelezo mara nne. Jotoardhi ya kina kirefu, kama ile ya Olkaria kwa jirani zetu wa Kenya, inatoka chini sana na inaendesha mitambo ya umeme. Tunayoipima sisi iko mita 1 hadi 2 chini ya miguu, na karibu yote ni joto la jua lililoingia ardhini na kutunzwa. Haichemshi chai. Lakini ipo chini ya kila kiwanja.

Jumatano. Muheza na Mlingano

Mchana tulipakia vyombo kwenye Noah kwenda Muheza. Machungwa yamepangwa kando ya barabara kwenye mafungu, na mkonge bado umesimama kwenye mistari yake kama ulivyopandwa na waliotutangulia. Mkonge ulifika nchi hii mwaka 1893; kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano kilianza kwa ajili yake na sasa kinajulikana zaidi kwa maabara ya udongo.

Nilitaka udongo mwekundu wa Muheza kwa sababu unafanana na ule nitakaoukuta Lushoto mitelemkoni. Ukiushika unadhani ni mfinyanzi mtupu, na kweli ukiulowesha na kuusokota unatoa utepe mrefu. Kwa hiyo mtu anayetumia jedwali la kitabu ataandika "mfinyanzi wenye unyevu" na kujipa namba kubwa. Sindano ilikataa. Kwenye kina cha mita 1 joto lilipanda nyuzi 1.16, yaani wati 0.95.

Sababu yake niliifungia ndani ya pete ya chuma ya sentimita za ujazo 100. Unaipigilia taratibu, unaitoa na udongo wake bila kuukandamiza, unasawazisha kwa kisu, unapima uzito, unakausha kwenye oveni kwa nyuzi 105 siku nzima, unapima tena. Kazi ya kuchosha, na ndiyo iliyo nusu ya kazi yote. Watu wengi wanapenda sindano kwa sababu ina waya na inatoa grafu. Pete haina mvuto. Lakini namba ya sindano bila uzito na unyevu wa udongo siku ile ni namba yatima. Mwezi ujao hutajua ilikuwa ya udongo gani.

Nimeacha pete sita kwenye oveni. Fundi wa maabara, mama mmoja mtulivu ambaye amekausha udongo wa nchi hii kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, ameahidi kunitumia uzito kwa simu.

Alhamisi. Mombo, kupanda

Basi hadi Mombo, kisha gari dogo la kupanda mlima. Kilomita 33 tu hadi Lushoto, kona baada ya kona, mto upande mmoja na mwamba upande mwingine. Soni tulisimama kununua pea. Hapo ndipo watu wote walitoa masweta kwa wakati mmoja.

Tulifika bwenini jioni. Matroni alitupokea vizuri, tukala wali, maharage na kabichi, na tulipoingia kulala akatuletea jiko la mkaa, limekolea wekundu, akaliweka katikati ya chumba na kufunga mlango ili joto lisitoke. Alifanya kwa upendo. Nilimshukuru, nikasubiri aondoke, nikalitoa nje.

Miaka mingi iliyopita mama yangu mdogo alilala hivyo, huku huku milimani, na wanawe wawili. Asubuhi jirani aliona mlango haujafunguliwa. Waliwahiwa, wakaburutwa nje kwenye umande, wakazinduka. Mtoto wa pili alichukua siku tatu kuongea vizuri. Mkaa ukiungua kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi isiyo na harufu wala moshi, na anayeivuta anasinzia tu. Kila ninapochimba shimo kwa ajili ya joto, nawaza mlango ule.

Usiku kipimajoto cha dirishani kilisoma 9. Nimelala na soksi mbili.

Ijumaa. Lushoto, mashimoni

Mlinzi wa bweni ni mzee wa Kisambaa aliyezaliwa ng'ambo ya bonde. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama sindano kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, unataka kujua kama chini kuna joto? Njoo."

Alitupeleka kisimani. Saa kumi na mbili na nusu, ukungu bado umelala bondeni, akavuta ndoo, na maji yalikuwa yanatoa mvuke. Nilitia mkono: uvuguvugu. Kipimajoto kilisoma 18. Nje ilikuwa 10. Akasema tangu utoto wake waliteremka kuoga kisimani asubuhi za Julai badala ya mtoni, bila mtu kuwafundisha kwa nini. Sikuwa na la kuongeza. Mzee alikuwa ameshanipa wastani wa mwaka wa mahali pake kabla sijafungua begi.

Lakini joto la ardhi ni nusu ya swali. Swali la pili ni upesi gani ardhi hiyo inakupa joto unalochota. Hapo ndipo sindano inapohitajika.

Tulichimba mashimo mawili. La kwanza kwenye tuta pana nyuma ya bweni, udongo mwekundu. La pili bondeni, kwenye udongo mweusi wenye maji, ambako kina mama wanalima kabichi na karoti.

Kwenye tuta, kipimo cha kwanza kilinipa wati 0.4. Nilishtuka, udongo ulikuwa na unyevu unaoonekana. Nikapima tena pale pale, 0.4. Nilianza kumlaumu mdogo wangu kwa mambo ya betri, kisha nikaona kosa ni langu. Udongo ulikuwa mgumu, nikawa nimetangulia kutoboa kwa keekee nene kuliko sindano. Sindano ilikuwa imesimama ndani ya mfereji mwembamba wa hewa, na nilichokuwa napima ni hewa ile. Nilimwomba radhi. Tukahamia pembeni kidogo, tukatoboa kwa waya mwembamba, tukapaka sindano tope la udongo ule ule, tukaisukuma ikakaza. Wati 1.0. Kwenye mita 1.5, wati 1.1.

Kosa kama hilo lingepita bila mtu kujua. Ningeandika 0.4 kwenye karatasi nzuri na bweni lingeambiwa ardhi haifai.

Bondeni, kina cha mita moja: joto lilipanda nyuzi 0.7. Wati 1.6.

Jioni simu ikalia, fundi wa Mlingano. Pete ya udongo mwekundu iliyokauka ina gramu 112, na maji yaliyotoka ni gramu 31. Nilichora mraba kwenye daftari kumwonyesha mdogo wangu. Kwa uzito huo, katika kila sehemu 100 za udongo ule, sehemu 42 tu ni madini. Zilizobaki 58 ni vitundu, na maji yamejaza 31. Sehemu 27 ni hewa. Udongo huu umejigandamiza kuwa vipunje vidogo vidogo kama unga wa dona, na kati ya vipunje ni upepo. Ndiyo maana mvua inazama haraka, mihogo inastawi, na joto linapita kwa shida. Mfinyanzi wa Ulaya, mzito na uliolala, hauko hivi. Jina moja, udongo mbili.

Jumamosi. Lushoto, hesabu

Mvua nyembamba tangu asubuhi. Tumekaa jikoni na matroni.

Mhandisi wa jengo alikuwa amekadiria kilowati 6 za joto kwa vyumba vya kulala. Pampu nzuri ikitumia sehemu moja ya umeme inatoa nne za joto, kwa hiyo kilowati 4.5 zinatakiwa kutoka ardhini. Wajerumani wana mwongozo wao, VDI 4640, ambao toleo lake la mwaka 2001 lilisema kila mita ya mraba ya mabomba yaliyolazwa inaweza kutoa wati 10 kwenye udongo mkavu wa kichanga, 20 hadi 30 kwenye udongo mzito wenye unyevu, na 40 kwenye mchanga uliojaa maji. Uangalie uzito wa jambo hili: bweni lile lile, pampu ile ile, na eneo la kuchimba linaweza kuwa mita za mraba 450 au 113. Kinachoamua ni udongo. Huku Lushoto, ambako kila mita tambarare imetengenezwa kwa jembe, tofauti hiyo ni shamba la familia.

Sikuchukua namba zao kama zilivyo. Zimetengenezwa kwa nchi ambako pampu inafanya kazi saa 1,800 kwa mwaka, na ardhi inaanza kwenye nyuzi 10 hivi. Hapa kuna miezi mitatu ya baridi, saa kumi za usiku, yaani saa 900, na ardhi inaanza kwenye 18. Hiyo ni heri kubwa. Lakini udongo wetu mwekundu hauistahili ile 20. Niliupa 15. Kwa 15, tunahitaji mita za mraba 300. Tuta lina mita 12 kwa 20, yaani 240. Halitoshi.

Matroni akatazama bondeni. Kule kwa 30 zingetosha mita 150.

Kina mama watatu walikuwa wanapalilia kwenye mvua. Bweni ndilo lenye ardhi, wao wanakodi vitalu. Nilishuka kuwauliza wenyewe. Mmoja, mtu mzima, alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mabomba yatapoza udongo. Nikamwambia kidogo, ndiyo, hasa Agosti. Akauliza kama mitaro ya kina cha mita 1.5 itakata njia ya maji. Hilo lilikuwa swali la fundi, na jibu lake ni kwamba inaweza. Msimu mmoja wa kuchimba ni msimu mmoja bila kabichi, na hakuna aliyewaahidi kitu.

Nilirudi jikoni na kusema tuanzie juu, darini. Vyumba havina dari. Ukilala unaona bati. Madirisha ya vioo vya kulaza hayafungi. Tulipiga hesabu upya na mhandisi kwa simu: ukiweka dari na kuziba madirisha, mahitaji yanashuka hadi kilowati 4. Ardhini zinatakiwa 3. Kwa 15, ni mita za mraba 200. Tuta linatosha, na bonde linabaki kwa wenye kabichi.

Mdogo wangu alipendekeza maji ya mabati yaelekezwe kwenye tuta ili udongo uwe na unyevu zaidi na kupitisha joto vizuri. Ni wazo zuri, na kwenye tambarare ningelikubali hapo hapo. Mzee mlinzi akatikisa kichwa. Akatuonyesha kovu kwenye mlima wa mbele, mahali ambapo mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha mtelemko mzima. Udongo unaozamisha maji upesi, ukizidishiwa, unashuka na mabomba yake. Tumekubaliana majani tu: kufunika tuta kwa nyasi na kutopanda mti juu yake, ili unyevu uliopo usikauke, na mitaro ifuate usawa wa tuta, isiukate.

Jumapili. Lushoto, kabla ya gari

Nimepima Julai, baada ya masika. Udongo huu Februari, ukiwa umekauka, ni mwingine, nami nitarudi na sindano ile ile kabla matroni hajatoa hata shilingi ya mabomba. Pampu itafanya kazi kipupwe, kwa hiyo namba ya leo ndiyo yenye uzito zaidi, lakini nataka kujua tuta linapoteza unyevu kiasi gani na kama linaurudisha.

Wakati wasichana wako ibadani tulifukia vipimajoto vinne kwenye tuta, kwa kina cha nusu mita, mita 1, mita 1.5 na mita 2, nyaya zake zimepanda ndani ya bomba la maji hadi kwenye kisanduku chini ya upenu. Mzee ataandika kila Ijumaa asubuhi. Nilimpa daftari lenye mistari iliyochorwa, akaomba kalamu ya risasi badala ya wino, kwa sababu ya umande.

Alinifanya nieleze kwa nini vinne. Nikamwambia joto linashuka ardhini kwa mwendo wa kinyonga. La mchana linakufa kabla ya kufika nusu mita. La msimu linafika mbali zaidi, linachelewa na kupungua njiani, na kwenye udongo kama huu linachukua kama miezi miwili kufika mita 2. Baridi tunayotetemeka nayo leo itafika kwenye kipimajoto cha chini kabisa mnamo Septemba, wakati sisi juu tumeshavua masweta. Na joto lililoko kule chini sasa hivi ni la Mei.

"Kwa hiyo Julai mtakuwa mnawasha Mei," akasema.

Ndiyo, nikamwambia, kwa kiasi fulani ni hivyo hasa.

Aliandika tarehe, akasoma kisanduku kwa sauti, nami nikahakiki: nusu mita, 16.1. Mita 1, 17.0. Mita 1.5, 17.6. Mita 2, 18.2. Kisha akaweka kipande cha bati juu ya kisanduku na jiwe juu ya bati. Gari la Mombo lilikuwa linapiga honi barabarani.